Betri Chini ya Kitanda Changu

Bergen, Jumapili ya kwanza ya Septemba, 2024. Huu ni mwaka wa arobaini na moja tangu nipande basi pale Shinyanga mjini, wewe umeshikilia mpini wa sanduku langu mpaka utingo akakuambia, "We kijana, kama husafiri, achia."

Mpendwa Doto,

Nina wivu. Nilijaribu kuanza kwa kukujulia hali, kuuliza mvua na nyuki na magoti ya mkeo, Mama Mhoja, kama waanzavyo watu waliolelewa vizuri. Kila nilipoanza, kalamu ilielekea kule kule. Nimeona niseme kwanza, salamu zitanikuta njiani. Nina wivu, na wivu wenyewe una jina, unavaa kofia ya kufuma na una duka la sola Kalangalala, hapo hapo Geita kwenu.

Najua utacheka. Ukicheka unafumba jicho la kushoto, nami nafumba la kulia, na mama alisema bila hilo asingejua nani amemwibia karanga.

Unaikumbuka betri yetu ya kwanza? Ilitoka kwenye trekta la chama cha pamba lililokufa njiani, na ilikuwa nzito kama mbuzi aliyeshiba. Kila ilipoisha tuliifunga kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, mimi nashika usukani, wewe unaisukuma na kuituliza, mpaka Geita kwa fundi wa chaji. Siku ile tulipopita korongoni asidi ilimwagika ikakula suruali yako upande wa nyuma. Ulitembea sokoni umeegemea kuta. Tulipofika nyumbani mama alikuzungusha, akakutazama, akasema, "Doto, ulikalia nini, ulikalia jua?" Kisha akaleta sindano. Akashona kiraka kwenye suruali yako, na alipomaliza akanyoosha mkono anipokonye yangu, nzima kabisa, akashona kiraka mahali pale pale.

"Mayu, yangu haina tundu," nilimwambia.

"Nyie ni mapacha," alisema. "Nikimpa huyu kiraka wewe nikakunyima, utaumwa."

Ndivyo tulivyolelewa. Vibuyu viwili, vigoda viwili, mashuka mawili. Mgeni akileta kitu kimoja, kilifichwa mpaka apatikane mwenzake. Nimesoma mambo mengi juu ya mapacha katika maktaba za huku, na sijaona mahali palipoandikwa kwamba hata kiraka kina haki ya kuwa na ndugu.

Na unakumbuka jioni ya mpira, redio iko katikati ya uwanja wetu, watu wamejaa mpaka kwenye zizi? Nilipoona sauti inaanza kulegea nilizima. Ulinijia juu mbele ya watu.

"Bado inaongea," ulisema.

"Ng'ombe naye bado anasimama ukimkamua mpaka damu," nilikujibu. "Betri ni ng'ombe, Doto. Haikamuliwi mpaka tone la mwisho. Unamwachia ndama."

Wazee walicheka, na mama akasema kutoka jikoni, "Kulwa ameanza kuchunga betri, sasa ng'ombe nitawachunga mimi." Hatukujua nani alishinda mpira mpaka kesho yake, lakini betri ile ilidumu kuliko ya mtu yeyote kijijini. Maneno yale yalikuwa yangu. Sikuyatoa kitabuni wala kwa fundi. Yaweke akilini, nitayarudia.

Huku nilikokuja nilipata kazi ya betri, kana kwamba mama alinitabiria. Miaka yote hadi nastaafu nilitunza betri za mitambo ya simu, chumba kizima cha betri zilizopangwa kama viti kanisani, kazi yake kungoja umeme ukatike ili watu wasikatiwe maneno. Nilizijua kwa harufu. Wenzangu walipokwenda likizo walikokota nyumba zao za magurudumu hadi kando ya maji, wakaketi nje na vikombe vyao. Mimi niliwaona wamepotea. Mtu mwenye nyumba anakwendaje kulala ndani ya gari?

Kisha nyumba yetu ikaondoka. Sikuwepo. Uliniambia kwa simu kwamba mgodi umefika kilimani, kwamba familia zote zinahama, na kwamba kaburi la mama limehamishwa kwa heshima, padri alikuwepo. Baadaye ulinitumia picha. Niliikuza mpaka ikawa madoa matupu, nikitafuta mahali zizi lilipokuwa. Palikuwa shimo, na chini ya shimo, barabara ya magari inayozunguka kama utumbo.

Ulijenga nyumba Kalangalala, ile unayoiita mpaka leo "kwa Mama Mhoja". Halafu ukanunua lile basi dogo, Kosta iliyostaafu njia ya Kahama, ukang'oa viti. Nilidhani umechanganyikiwa. Ulinijibu, "Hii ndiyo nyumba yangu ya pili. Wakija tena kupima, itabidi wanikimbize." Nilicheka hadi nikaketi. Mke wako alisema yeye ameolewa kwenye nyumba yenye msingi, hahamii kwenye nyumba yenye usukani, na nadhani kwa hilo alisema kweli.

Basi ukaanza kwenda porini kwenye mizinga yako, kule mbele ya Ushirombo, unakaa wiki nzima bila nguzo ya umeme hata moja machoni. Ukaenda misiba ya Didia ukiwa na malazi yako mwenyewe. Ulilala karibu na ziwa kule Nungwe. Ulilala hata kando ya uzio wa mgodi, mahali ambapo, kwa hesabu zako, ukinyoosha mkono unagusa jiko la mama. Huo ulikuwa wivu wangu wa kwanza na sikukuambia. Tulipoteza nyumba moja, Doto. Mimi nilipata nyumba yenye joto sakafuni na sina kwetu. Wewe ulipata gari bovu na kila unapozima injini ni kwetu.

Lakini nilikuwa na kitanda. Ulitengeneza viwili, cha kulia chako na cha kushoto changu, kwa sababu isingewezekana kuwa na kimoja. Ulimaliza kila simu kwa maneno yale yale, "Kitanda chako kipo." Nilikuwa nalala usingizi mzuri nikifikiri kuhusu kitanda ambacho sijakilalia.

Na chini ya kitanda changu tuliweka betri. Hiyo ilikuwa kazi yetu wawili. Nilikuelekeza, ukafanya: betri mbili za aina moja, zilizozaliwa mwezi mmoja, ndani ya sanduku la mbao lenye bomba la kupumulia nje, maana betri ikichajiwa hutoa hewa inayoshika moto. Paneli za sola juu ya bati. Waya mnene kutoka kwenye injini ili ukitembea zijazwe, na swichi ya kuzitenganisha na betri ya kuwashia gari, ili hata mkila umeme wote wa taa na friji, asubuhi Kosta iwake. Na Jumapili ya kwanza ya kila mwezi tulizikagua pamoja. Ulinipigia simu, ukasimama mbele ya kitanda, ukasema kama mama alivyosema kila alipotaka kukung'uta godoro langu baada ya mimi kusafiri, kwa kuwa kitanda cha aliyesafiri hakiinuliwi bila ruhusa yake:

"Kulwa, hodi kitandani."

"Karibu."

Ndipo ulipoinua. Nilisikia godoro likiburuzwa, vifuniko vikigongana. Ulinisomea maji chumba kwa chumba, ukaongeza pale yalipopungua, maji safi ya betri na si ya kisima, maana maji ya visima vya kwetu yana mawe ndani yake. Ulisugua vichwa vya betri kwa magadi na maji moto, ukapaka grisi. Ulinisomea mita. Nilikuwa jikoni kwangu, theluji dirishani, na mikono yangu ilinuka grisi.

Kisha akaja Ramadhani.

Sikumchukia mwanzoni. Ulinieleza kwamba baba yake alikuja kutoka Pangani kuuza vitambaa, akaoa Msumbwa wa Bukombe, na kwamba yeye anauza sola, ana maneno mengi na sukari nyingi mwilini. Nilifurahi kwamba una mtu wa kwenda naye porini, umri huu si wa kulala peke yako na nyuki. Lakini simu zikaanza kubadilika. Nikiuliza volti, nilisikia, "Usijisumbue, Rama ameziona kwenye simu yake." Nyuma yako nilisikia kicheko cha mtu aliyekaa kwa raha. Ukaniambia kwa furaha kwamba watu wa Kalangalala wanawaita mapacha. "Yeye mrefu, mimi mfupi, yeye Mwislamu, mimi Mkatoliki, na bado wanatuita mapacha," ulisema, ukacheka, na najua ulifumba jicho gani.

Halafu ukanitumia ile video, mwaka jana mvua zilipoanza. Kosta iko chini ya miti, mlango wazi. Ramadhani amejilaza kitandani, kikombe cha kahawa kifuani, anawafundisha watu utunzaji wa betri. Akasema, taratibu, kama mtu aliyeifikiria mwenyewe, "Betri ni ng'ombe, jamani. Haikamuliwi mpaka tone la mwisho. Unamwachia ndama." Na sauti yako nyuma ya kamera ikasema, "Mmemsikia pacha wangu?"

Niliitazama mara nyingi kuliko inavyomfaa mtu mzima. Maneno yangu, kitanda changu, pacha wangu.

Jumapili iliyofuata simu iliita nikaiangalia mpaka ikanyamaza. Mwezi uliofuata pia. Nilikuandikia kwamba nina mafua, kwamba nina wageni. Nilijiambia mna fundi, mna simu inayosoma betri, mnanitakia nini? Nilitaka unikose. Hiyo ndiyo kazi ya wivu: unafunga mlango, kisha unasikiliza kwa nyuma kama kuna atakayebisha.

Wewe uliendelea kubisha. Kwamba ulikuwa unangoja niitike, hilo nilikuja kulijua mwezi uliopita.

Ujumbe wako ulikuwa mfupi. "Betri zimekufa. Tuko porini." Sitakuficha, nilifurahi. Nilikujibu papo hapo, na maneno yale yamo kwenye simu yako mpaka sasa: "Muulize mwuza sola wako." Sikujua bado kwamba friji ilizimika, na kwamba ndani ya friji mlikuwa na dawa yake ya kujidunga. Asubuhi mliikuta imepata joto kama chai iliyosahauliwa. Ulipiga simu, nikapokea safari hii, kwa kuwa nilitaka kushinda. Ukanisimulia kwa sauti ya mtu aliyechoka.

"Rama alisema tangu mwezi wa sita, Mzee Doto, tuinue godoro tuone maji, simu inaonyesha volti lakini haioni maji. Nikamwambia mwenyewe hajaitika hodi."

"Ukamwambia hivyo?"

"Nimwambieje? Nilipiga kila Jumapili ya kwanza. Hukuitika. Naye akasema, mwenyewe yuko Ulaya, sukari iko hapa. Tukacheka. Nikamwambia tungoje mwezi ujao."

"Doto, yule mtu analala kitandani kwangu kila siku na wewe unashindwa kuinua godoro?"

Ukasema, "Nani analala kwako? Rama analala kwangu. Mgongo wake haufai sakafu. Mimi natandika mkeka hapa katikati."

Niliifungua tena video ile. Kweli. Kitanda alicholalia kiko upande wa usukani, yaani kulia. Nilikuwa sijawahi kuliona gari kwa macho yangu, nikaona nilichotaka kuona. Na upande wa kushoto, gizani kidogo, kuna kitanda kimetandikwa shuka la maua, limenyooshwa, hakuna hata kofia iliyowekwa juu yake.

Ungedhani wivu wangu ulikufa siku hiyo. Ulinenepa. Angelala kwangu ningesema ameninyang'anya. Kumbe ulimpa chako. Mimi hujawahi kunipa chako, kwa sababu hatukuwahi kuhitaji. Kila mmoja alikuwa na kigoda chake. Yeye ulimpa kitanda ukalala chini, na mimi ukanipa heshima. Nilikaa na hilo siku nzima. Heshima ni kitu kizuri, lakini huwezi kulala nayo ubavu kwa ubavu.

Mlikimbilia hospitali Ushirombo, Kosta iliwaka kama tulivyoipanga, akapata dawa nyingine. Nilidhani kwamba mkirudi atainua godoro bila kuuliza mtu. Ningekuwa yeye ningeling'oa. Badala yake simu yangu ikaita, namba nisiyoijua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nani?"

"Mimi Ramadhani, yule mwuza sola." Alilitamka bila hasira, na nikajua ujumbe wangu ameusoma. "Mzee Kulwa, niko mbele ya kitanda chako. Ndugu yako amekaa nje, anasema hawezi kubisha tena, anaona aibu. Nimekuja kubisha mimi. Hodi kitandani."

Nilimwacha angoje. Nakwambia ukweli, nilimwacha mtu aliyetoka hospitali amesimama na simu sikioni, kwa sababu nilikuwa na kitu kimoja tu cha kumnyima, na kilikuwa neno hilo.

"Karibu," nilisema.

Nikasikia godoro. Nikasikia vifuniko. Halafu akasema, "Mzee, hapa kuna makaburi mawili."

Maji yalikuwa yamekauka hadi chini ya vibati vya risasi vilivyomo ndani, na vibati vimeota weupe kama chumvi ya Ziwa Eyasi. Jua la kiangazi lilikuwa linazichaji kila siku, na kila siku linazichemsha, na hakuna aliyezinywesha. Nilimwambia aongeze maji yafunike vibati tu, asijaze, kisha aziache zipate chaji ndogo ya jua bila kuwasha chochote. Alikuwa ameshaanza. Tulishinda simuni, yeye na mimi, tangu asubuhi mpaka jua lenu likaelekea kuzama. Alinisomea mita bila kuombwa. Anajua kazi, Doto. Anasema "imepumua" volti zikipanda, kama nisemavyo mimi. Betri moja ilifika volti kumi na moja, ikatulia, tukangoja wote wawili kama wanaume nje ya chumba cha uzazi. Kisha ikashuka. Nyingine haikupanda kabisa.

"Tununue moja kwanza?" aliniuliza. "Hii ilijaribu kidogo."

"Hapana," nilimwambia. "Ukimfunga mzima na mgonjwa..."

"...mzima anafuata," alimalizia. "Kweli. Mapacha hawanunuliwi mmoja mmoja."

Nilikata simu nikaenda kusimama dirishani. Kunimalizia maneno ilikuwa kazi yako.

Sasa umeniandikia kwamba betri mpya zimefika, mbili, za mwezi mmoja, na kwamba zimo chini ya kitanda changu, na nije tuzikague pamoja, kitanda chako kipo. Nimefikiri kwa wiki tatu na hili ndilo jibu langu.

Kwanza betri. Zikitulia na mita ikasoma volti kumi na mbili nukta mbili, nusu imekwisha. Zima taa, iache friji ya dawa, au washa injini mtembee. Maji kila mwezi, na kiangazi kila wiki mbili. Ukirudi kutoka porini usiziache na njaa. Betri inayokaa bila chaji haijipumzishi, inaoza. Lile sanduku liongezeni tundu jingine la hewa.

Pili kitanda. Toa shuka la maua. Ramadhani alale kushoto, wewe urudi kwako kulia. Mgongo wako nao una miaka ile ile ya kwangu, na wangu haukubali mkeka. Mama asingekubali gari lenye vitanda viwili na mtu mmoja sakafuni. Ataamka kila siku juu ya betri, atazisikia zikichemka kabla ya mtu yeyote, na ataliinua godoro akitaka, bila kumbishia hodi mtu aliye mbali. Mwambie lakini kwamba maneno ya ng'ombe na ndama ni yangu. Ayatumie, ila aseme ni ya Kulwa. Hilo moja sitampa.

Usidhani wivu umekwisha. Naandika haya nikiwa nao, umekaa kwenye kiti cha pili hapa mezani. Namwonea wivu atakayesikia unavyokoroma. Nauonea wivu hata mkeka. Lakini shuka lile mlilinyoosha miezi yote kwa ajili ya mtu asiyekuja, na chini yake vitu vilikauka, na mtu angekufa.

Leo ni Jumapili ya kwanza ya mwezi. Baadaye kidogo simu itaita na nitaitika, tuongee mvua na nyuki na magoti ya Mama Mhoja. Usinibishie hodi, na ukimaliza usiniambie kitanda kipo. Kina mwenyewe.

Mimi sitarudi.

Pacha wako aliyetangulia kutoka,
Kulwa